Watasema

Nilikupata kwa debe la viazi, gulioni Isyonje,
nikakutia mfukoni mwa koti la marehemu
nikapanda nawe kilima, umetoa pua tu.
Jina lako halikuwa jina. Lilikuwa jibu
kwa waliouliza mjane anafuga mbwa wa nini.
Watasema, nilisema. Ukatikisa mkia.

Miaka kumi na minne.
Sasa ukungu wa huku juu umekuingia machoni
na jua la saa nne haliuondoi.
Miguu ya nyuma imegoma, ile ile
iliyonitangulia alfajiri na ndoo ya maziwa
mpaka barabara ya lami, ikangoja nihesabiwe chenji,
ikanirudisha.
Siku hizi nakwenda peke yangu.
Pale kwenye kisiki cha msindano
bado nageuka kuangalia kama unakuja.

Anyitike jirani ananishauri kwa nia njema:
mwite bwana mifugo, sindano moja, wala haumii,
kisha chukua mtoto kwa Mwaisumbe, jike lake linazaa wenye sauti.
Namkaribisha chai. Namsikiliza
huku nikikuviringia ugali kwa mchuzi wa dagaa,
vitonge vidogo, vya mtoto anayeanza kula,
maana meno yamebaki matatu
na mojawapo ni la heshima tu.

Juni hii sakitu imelala juu ya majani ya viazi,
nami nimevunja sheria ya mama yangu:
mbwa halali jikoni.
Unalala jikoni, juu ya gunia la pareto,
mgongo kwenye mafiga, unanuka moshi na mvua,
unakoroma kama mzee wa kanisa katikati ya mahubiri.

Jana usiku ulibweka.
Sauti ilikatika kati, redio inayoishiwa betri.
Nikachukua tochi.
Ulikuwa umesukuma mlango, umejikokota hadi barazani,
kifua mbele,
unalitisha tanki la maji.

Hapakuwa na mtu. Ndama alikuwa akicheua.
Upepo wa Rungwe ulikuwa ukipekua mabati.

Nikakuwekea mkono kichwani, pale penye kovu
la panga la ule usiku wa kweli,
nikasema kwa nguvu, hata Anyitike asikie:
Wamekimbia. Wote. Umeona walivyokimbia?

Ukanusa kiganja changu. Ukaamini.
Tukarudi ndani, wewe mbele,
mimi nikifupisha hatua.