Tani Kumi za Ndizi Mshare

Mchezo ulijua makaa ya mawe, ulijua chuma, mafuta, barua.
Ndizi haukuzijua.
Miji yake ilijipa majina ya nchi za baridi,
konsonanti zimerundikana kama mawe ya mto Rau wakati wa kiangazi.
Nikaufungua. Haukuwa na kufuli.
Waliouunda waliuacha mlango wazi:
ingia, vunja ukuta, jenga wako,
sharti moja, nawe usije ukaufunga.

Nilianzia Pasua, chumba cha uani,
kwa kompyuta ya mtumba iliyong'oka kitufe cha N.
Kila ninapoihitaji hiyo herufi nainakili kwingine, naibandika,
na neno ndizi huidai mwanzoni kabisa.

Miji kwanza.
Nikafuta orodha nzima, nikaandika
Kahe, Himo, Uru, Kibosho, Kiboriloni, Sanya Juu,
nikaandika Boma Ng'ombe, mchezo ukafa.
Nimekesha nikimsaka muuaji, mstari kwa mstari,
hadi majogoo. Kumbe ni ng'ombe:
kile kialama chake kidogo cha juu
programu ilidhani sentensi imekwisha.

Kisha behewa.
Behewa moja huchorwa mara nane,
maana treni hukata kona na kila kona ina ubavu wake.
Doti thelathini na mbili kwa urefu, basi,
humo nitie bati, kutu, matundu ya hewa,
na ule ukijani wa mkungu ambao si ukijani wa jani.
Rangi ya bati nilimwuliza Eliapenda,
aliyeuza chai stesheni miaka kumi na tisa.
"Kahawia," akasema.
"Nyekundu," akasema mumewe Ndetaulwa toka chumbani, hakuulizwa.
Wakabishana hadi maharage yakashika sufuria.
Nikarudi nyumbani nikapanga doti moja ya kahawia,
moja nyekundu, moja ya kahawia, moja nyekundu.
Ukitazama kwa mbali
ndoa ile imesalimika.

Sasa kuoza. Mzigo ukichelewa, malipo hushuka;
mwandishi ndiye apange baada ya siku ngapi.
Nikaandika nne.
Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe,
mama aliyepanda na kushuka soko la Himo na mikungu
tangu mimi sijajua kuhesabu.
"Nne? Kwa joto la Kahe? Weka mbili."
Nikaweka mbili.
Akatazama treni ikipanda mlima, ikikohoa, ikisimama.
"Ikichelewa, nani anapata hasara?"
"Kampuni, mama."
"Na mwenye ndizi?"

Nilitafuta.
Mistari laki mbili na ushee, na mtu aliyeiandika kila mmoja jina lake lipo.
Kuna kituo, kuna mzigo, kuna dereva asiyeonekana,
kuna mkopo wa benki na riba yake.
Mzigo huota tu kando ya reli, kama uyoga.
Aliyeukata, akaukalisha kwenye kata ya majani makavu,
akashuka nao gizani kutoka Uru, hayupo.

Umeme ukakatika. Nikabaki na sauti ya mbu
na swali.

Kesho yake nikaongeza doti tatu pembeni ya jukwaa la kituo:
moja ya kitenge, moja ya kichwa,
moja ya kijani juu yake.
Hazifanyi kazi yoyote. Hazilipwi, hazihesabiwi,
treni ikipita hazipungi mkono.
Zimesimama tu hapo, mvua ya mchezo inanyesha.

Juzi kuna mtu wa nchi ya theluji ameyashusha mabehewa yangu.
Amenirekebishia kosa kwenye mstari wa mia mbili na kumi,
kosa la aibu, namshukuru,
na reli yake inapeleka tani kumi za mshare
katika mji ambao maziwa yake yameganda.
Akauliza, kwa adabu sana:
hizi doti tatu kando ya jukwaa, ni uchafu wa picha?
Nizifute?

Nikamjibu kwa neno moja, lisilodai herufi niliyopungukiwa.
Acha.
Maana yake atajitafutia.