Tangazo Namba 47

Kazi yangu, ukiniuliza, ni kuomba radhi mapema.
Jumamosi saa nne usiku mtandao utazimwa,
samahani kwa usumbufu.
Mkuu wa kitengo hupenda maneno yaliyovaa tai:
uboreshaji, miundombinu, wadau.
Mimi huyavua. Naandika: tunazima.
Hawasomi vilevile. Jumapili simu ya mezani inalia:
"Mbona hamkutuambia?"

Juzi nikaandika:
akaunti zisizotumika zitafutwa tarehe thelathini.
Maneno matano. Nikajisifu.

Akaja Bi Kokugonza, kwa miguu, toka Changanyikeni,
jua la saa saba, karatasi imekunjwa mara nne.
Tangazo langu, kalichapisha steshenari.
Kumbe yupo anayesoma.

"Hii ya marehemu Dokta," akasema,
"nani kakwambia haitumiki?
Kila Alhamisi namwandikia.
Bei ya mkaa. Paa linalovuja. Mjukuu kaota jino.
Sijibiwi, sawa. Lakini hazirudi.
Mkiifuta, zitarudi."

Feni ikazunguka. Printa ikakohoa, ikanyamaza.
Tuntufye wa seva akainama
kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.
Fomu ya jambo hili hatuna.

Tangu asubuhi niko na Tangazo Namba 48.
Zisizo
Zisizo na
Nafuta.
Dirishani wanafunzi wanapita kuelekea maktaba,
simu mkononi,
na ndani ya kila simu ninyi nyote mnajua kuna nini:
mimi, sijafunguliwa.