Ratiba ya Siku Saba

Siku ya kwanza, Paro. Wapumzike;
huku hata pumzi hupanda ngazi.
Siku ya pili, anaandika Namgay kwa penseli,
monasteri iliyong'ang'ania mwamba kama kupe.
Anafuta kupe. Wageni watachukia.
Anaandika: kama kiota.

Ya tatu, kilele cha Dochula, ukungu ukiruhusu.
Ukungu haujawahi kujibu barua.
Chai ya siagi na chumvi: waonywe mapema.

Mmoja ameuliza: furaha yenu
tutaiona siku gani, saa ngapi?
Namgay anatafuna kifutio.
Anaacha mstari mtupu.

Siku ya tano, Bumthang. Saa nane mchana,
nyumba ya mwenyeji: chapati za ngano nyeusi,
bibi akizungusha gurudumu la sala.
Bibi huyo ni mama yake.
Mgeni mmoja atalala chumba cha Yeshey,
aliyekwenda Perth mwaka juzi kuosha vyombo;
godoro lake bado lina bonde.

Mama kasema kwenye simu:
pesa ya kitanda sitaki.
Niletee anayekoroma.
Nyumba imenyamaza mno.

Namgay anaurudia ule mstari mtupu,
anaujaza polepole:
Siku ya tano. Usiku.