Tui la Pili

Daktari wa Bombo hakusema acha.
Alisema punguza, akaandika kwa kalamu ya kijani,
kisha akanitazama mimi, si Shebughe,
kana kwamba moyo wa mume wangu
aliukuta ndani ya chungu changu.
Na kweli, nusu yake ilikuwamo.

Miaka thelathini na moja
nampikia mhogo wa nazi hapa Ngamiani:
nazi mbili kwa mhogo mmoja mnene,
kasimile namimina mwisho, makaa yakiwa yamelala,
mpaka mchuzi unauganda mwiko
kama mtoto anavyong'ang'ania kanga ya mamaye
siku ya kwanza ya shule.

Jumatatu nikautia maji matupu, chumvi ya kuhesabu.
Akaonja. Akakilaza kijiko.
"Nani kafa?"

Jumatano maziwa ya pakiti,
ushauri wa Mwanajaa, binti yangu, anayepika kwa simu.
Yakakatika, yakaelea mabonge mabonge
kama chokaa ya ukuta ulionyeshewa.
Paka akanusa, akahamia kwa jirani.

Ijumaa sikuwasha jiko.
Mkate mkavu, chai ya rangi,
na kimya kirefu kuliko meza.

Usiku usingizi ukanigomea, nikamkumbuka mama,
kule Muheza, nazi moja, vinywa tisa.
Aliikuna mpaka meno ya mbuzi yakalia kwenye kifuu.
Tui la kwanza halikutuhusu:
lilikwenda kwenye vitumbua vya kuuza.
Sisi chicha ilirudi majini, ikakamuliwa tena,
na tena,
mpaka kifumbu kikatoa kitu cheupecheupe
mfano wa maji ya kuoshea mchele.
Hicho ndicho tulichokulia.
Nasi tulikomba sufuria, tukapigania ukoko,
wala hakuna aliyejua kuwa ni umaskini.

Mama, ulitufanyia nini?

Nikajilaza chali, nikaanza kumpeleleza,
mkono wake mmoja mmoja.
Aliuchemsha mhogo mpaka ukapasuka wenyewe.
Akatoa vipande viwili, akaviponda kinuni
na kitunguu, na kidole cha tangawizi,
akavirudisha chunguni, na hapo ndipo uzito ulipotoka:
mhogo ulijishika wenyewe.
Pilipili mbuzi nzima, isiyotobolewa, ikae juu ikinukia tu.
Ndimu baada ya kuipua, si kabla.
Na hakuacha kukoroga, upande mmoja,
huku anatugombeza bila kugeuka.

Jumamosi nikafanya hivyo hivyo.
Sikugombeza mtu, hakukuwa na wa kugombezwa,
nikajikuta namsema yule paka.

Shebughe akaja na uso wa mahakamani.
Tonge la kwanza akalitafuna kama anasoma mkataba.
La pili.
Kisha akavuta bakuli karibu na kifua,
akafagia ukingo kwa kidole cha shahada,
akaniangalia kwa jicho moja:
"Umeirudisha nazi."
"Kidogo," nikamjibu.
"Daktari akijua?"
"Daktari hajui kukamua."
Akacheka. Siku sita sijausikia mlio huo.
Akaomba nyongeza, nikampa nusu,
akanung'unika, na nikafurahi kunung'unikiwa.

Ila lipo jambo moja sijamwambia.

Lile tui la kwanza
lazima liende mahali; nazi haina la pili bila la kwanza.
Limo kwenye kikombe cha bati, nimekifunika kisahani,
nyuma ya debe la unga.
Kesho nitampelekea Bi Mwanakheri wa vitumbua.
Kesho asubuhi, mapema.
Usiku huu nimechovya kidole,
nione tu kama halijachacha.
Mara moja.
Mara ya pili kwa sababu ya giza.

Moyo wangu mimi
bado haujaandikiwa na kalamu ya kijani.