Robo Inchi

Kila alfajiri, kabla cherehani haijaamka,
naitoa futi shingoni, nakaa ukingoni mwa kitanda,
nazungusha shavu la mguu wa kulia: kumi na tatu.
La kushoto: kumi na tatu na robo.
Robo hiyo naiandika kwenye daftari la wateja,
chini ya kiuno cha Sajini Obonyo
na suruali ya mwalimu mkuu, ambayo hajailipia.

Mimi Mastula binti Faraj, fundi wa Bombo.
Tezi za shingo zilianza kama punje za njugu;
nikadhani ni uzi umejifunga kwenye kola.
Mulago wakasema: limfoma.
Neno hilo nimelikunja mdomoni mara tatu
kama jinzi ngumu isiyokubali pindo.

Duru ya nne ya dawa, nywele zimeshanipa talaka,
akaja Atim wa maabara na kichupa chake.
"Mama, damu yako inanishangaza.
Humu kwenye kioo inachelewa kuganda,
nasubiri, nasubiri.
Mwilini mwako ndiko inakoharakisha."
Nikamwambia: mwanangu, huyo ni mume wangu wa kwanza.
Mbele za watu hakupandisha sauti.
Mlango ukishafungwa, uliza kuta.

Tukacheka, mpaka mwenye dripu wa kitanda cha pili akacheka.

Daktari naye akataka kunipigia mfano:
kingamwili ni askari, wamegeuka, wanapiga raia.
Nikamkatiza. Askari nawajua, nawakazia vifungo.
Na waliogeuka niliwakimbia nina miaka saba,
mgongoni mwa mama, kiatu kimoja, hadi ng'ambo ya mpaka.
Hilo usinifundishe.

Mimi naielewa hivi:
umeme umekatika, mguu bado uko kwenye pedali,
sindano inakosa kitambaa, inashona kidole.
Haina hasira. Haina adui.
Inashona tu kilichopo.

Siku hizi kila jioni najidunga tumboni.
Miaka arobaini natunga uzi gizani bila kukosea,
leo natetemeshwa na sindano fupi kuliko zote,
bei yake sare tatu za shule kwa wiki.
"Mguu mmoja ukivimba," Atim alisema, "usingoje kliniki ya Jumanne.
Bonge la damu ni msafiri asiyelipa nauli:
linapanda kwenye mguu, linashukia kwenye pafu."

Leo kushoto imesoma kumi na nne na nusu.
Nimepima tena. Futi ikilegea hudanganya.
Nikaivuta, nikashusha pumzi, nikawasha taa.
Kumi na nne na nusu.

Nimeandika. Nimefunika cherehani.
Suruali ya sajini ina mguu mmoja uliopindwa,
wa pili unaning'inia na pini zake.
Atangoja.
Rizgala, mdogo wangu, acha chai hiyo.
Washa pikipiki.