Soketi Nne

Pijo ilinunuliwa na mtu wa Gongoni, kwa bei ya vyuma.
Gereji ikabaki na doa la oili na soketi moja.
Maimuna akaingiza friza ya barafu za ukwaju,
mimi mashine ya kukunia nazi,
Shali, mpwa wangu, chaja ya betri ya tuktuk,
na ile soketi moja ikawa mama wa wote:
ekstenshen ikinyonya ekstenshen,
waya mweupe ukipita chini ya mlango wa jikoni,
mahali paka anapopenda kulala kwa kuwa pana joto.

Pana joto. Hata paka alijua.

Usiku wa kuamkia Ijumaa plagi ikayeyuka.
Haikuwaka. Ilinuka tu,
ikaacha ukutani rangi ya hina iliyokaa mno.
Nikasema nitafunga selotepu.
Maimuna akasema, "Funga mdomo,"
akampigia simu Mbeyu wa Jefwa, fundi wa Muyeye.

Alikuja na ngazi begani, penseli sikioni.
Nikamwonyesha: hapa matundu mawili, pale mawili.
"Usinihesabie matundu, babu. Nihesabie midomo.
Nani hunywa hapa, na nani hunywa na nani kwa pamoja?"
Akaandika ukutani: friza, nazi, chaja, pampu.
Akajumlisha. Akaguna.
"Waya huu kubeba mzigo huu
ni mbuzi kutwikwa gunia la simiti."
Akataka njia mpya tangu kwenye boksi,
waya mnene, na swichi yake yenyewe ya kujikata.

Akazima umeme wa nyumba nzima, akatia kufuli,
ufunguo mfukoni mwake.
Kufuli! Nyumbani kwangu, nikiona kwa macho yangu!
"Si wewe, babu. Ni yule atakayekuja kutazama mpira
akute giza, anyooshe mkono."
Tesita akaijaribu kwanza kwa jirani, penye moto,
kisha kwetu, kisha akarudi tena kwa jirani.
Nikamwuliza mbona safari mbili.
"Waya ukinyamaza, huenda umekufa.
Huenda pia iliyokufa ni tesita."

Patasi ikala ukuta, vumbi jeupe la matumbawe
likatufanya sote wazee wa rika moja.
Akafungua soketi kongwe:
skrubu zimeota kijani kwa chumvi ya hewa,
na nyuma yake, umekunjwa kama barua isiyotumwa,
waya wa ardhi, haukushika kitu.
"Nani alifanya hivi?"

Mwaka tuliojenga, nondo ya shaba ilikuwa ghali.
Nilisema, ardhi imejaa tele, ya nini kuinunua?
Nikaishika ngazi kwa mikono miwili,
na juu ya ngazi hakukuwa na mtu.

Miaka yote hiyo Maimuna akilalamika
friza inamtekenya vidoleni,
yeye na mikono yake ya maji, miguu mitupu,
nami nikimcheka: "Ni baridi hiyo, bibie."

Nondo tuliipigilia nyuma ya birika la kutawadhia,
penye udongo usiokauka.
Nyundo niliishika mimi. Shali alitaka kunipokea, nikakataa.
Soketi nne Mbeyu akazipandisha hadi kiunoni,
kwani maji ya masika huingia gerejini bila hodi,
akazivika vifuniko, upepo wa chumvi ugonge nje.

Alasiri akafungua kufuli, akawasha,
akabonyeza kidude kidogo cha kujaribia:
tak! Kimya. Friza ikakata pumzi.
"Hivi ndivyo kitakavyofanya siku mtu akishikwa,
kabla hajamaliza kusema yalaa."
Akawasha tena.

Maimuna akaweka kiganja juu ya friza.
Akakiacha hapo muda mrefu,
kama anayepima homa ya mtoto.
Kisha akageuka, akanitazama mimi, si fundi.

"Kumbe," akasema, "baridi ndiyo hii."