Nyuzi

Nashona sare za shule Majengo, nyuma ya soko,
miaka kumi na tisa, cherehani ile ile.
Nilidhani nyuzi zote nazijua:
wa pamba, wa nailoni, na ule wa bei poa
unaokatika ukiutazama vibaya.

Kichwa kilianza mwaka tuliohamia Nkuhungu.
Kwanza jicho la kushoto linaona mawimbi,
kama lami ya barabara ya Singida saa saba mchana.
Kisha mtu anapigilia msumari nyuma ya sikio,
taratibu,
kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Nimemeza vidonge vya rangi zote.
Mama alinifunga kitambaa, akakaza.
Jirani alisema nimetupiwa.
Mchungaji alisema nisamehe. Nimsamehe nani?
Akasema, utamjua.
Sijamjua mpaka leo.

Daktari alihesabu maganda ya vidonge mkobani mwangu:
"Dada, sasa hivi ndivyo vinavyokuuma."
Akanielekeza chumba cha mwisho, korido ya kushoto.

Kijana mmoja, Yoramu Chilewa, mtu wa Mvumi,
alinibandika kidoleni kifungo cha chuma
ambacho ningeweza kukishona kwenye shati la chekechea.
Waya ukaenda kwenye kioo. Kioo kikaandika
ishirini na sita.
"Nyuzi," alisema.
Nikacheka. Hakujua kwa nini.

Nje ilikuwa Oktoba, mbwa wamelala chini ya magari,
jua la Dodoma linakausha mate mdomoni,
na vidole vyangu vina baridi ya maiti.
"Mwili wako uko vitani," alisema,
"damu imekimbilia ndani. Iite irudi mikononi."

Nikaiita. Nikakunja uso,
nikaivuta kama ndoo kisimani.
Ishirini na tano.
"Hii haivutwi, dada."

Safari ya kwanza hivyo, ya pili hivyo,
nauli ya bodaboda kwenda na kurudi.
Ya tano nilichoka kujaribu.
Nikajikuta tu niko Hombolo, mtoto,
kwenye mashine ya kusaga, mama anahesabu chenji,
nami nimezamisha mikono hadi kiwiko
kwenye gunia la unga wa uwele
uliotoka sasa hivi, bado una moto.
Ishirini na nane.
Thelathini.
Thelathini na moja na nusu.
Chilewa hakusema kitu.
Nadhani hata yeye aliacha kupumua.

Sijapona. Nasema wazi, maana wateja wanauliza.
Nyuma ya daftari la vipimo, baada ya viuno na mabega
ya watoto wa watu, naweka alama ya kila siku mbaya.
Oktoba, ishirini na mbili.
Machi, kumi na tatu.
Julai, upepo ulipoamka na vumbi lake, kumi na nne,
nikalia, nikataka kulitupa daftari chooni.
Novemba, saba.

Na kitu kimoja kinanitia aibu.
Kila mwanafunzi wangu, siku ya kwanza, namwonyesha
ile skrubu ndogo mbele ya cherehani:
uzi wa juu ukikaza mno, kitambaa kinajikunja,
usikivute, mwanangu, utakipasua, legeza hapa.
Miaka kumi na tisa nimeyasema haya
huku meno yangu yameumana.

Leo ni Januari. Wazazi wote wanataka sare jana.
Mama mmoja anapiga meza, sketi ni fupi,
ni kweli ni fupi,
na mawimbi yanaanza pembeni mwa jicho.
Mabega yangu yamepanda hadi masikioni,
nayaona, bila waya, bila kioo.
Nayashusha.
Naingiza mikono kwenye unga.

"We fundi, unanisikia?"
Nakusikia, mama. Nipe dakika,
nalegeza uzi.

Anatazama cherehani.
Haizunguki.